Kwa wanangu mnaoomba udaktari Marekani

Wanangu, hamjambo.

Kila msimu wa maombi swali ni lilelile: tuseme tulikulia kwenye dhiki, au tunyamaze? Najua aibu inawashika. Kwetu shida za nyumbani hazianikwi barazani.

Kwanza, fomu ya AMCAS, ile ya pamoja ya kuombea vyuo vingi vya udaktari Marekani, imebadilika. Kile kisanduku cha kujitangaza kuwa mtu wa hali duni kiliondolewa kuanzia maombi ya kuingia chuo 2024. Sasa unaulizwa kama kuna vikwazo ulivyovishinda ambavyo ungependa kuvieleza, vya familia, fedha, mtaa au shule. Ukijibu ndiyo, unapewa herufi 1,325, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Hayo ni kama maneno 200 ya Kiingereza, basi. Haitarajiwi kila mwombaji ajibu ndiyo.

Usikae kupima kama ulikuwa maskini wa kutosha. Jiulize kama jambo hilo lilikula saa zako, likakukatisha masomo, au likakufungia njia ambazo wenzako walizipita bila kujua zipo. Uafrika peke yake si kikwazo cha kuandikia insha. Binti wa daktari aliyesoma shule za kulipia Nairobi asijitafutie umaskini. Elimu na kazi za wazazi ziko kwenye kurasa nyingine za fomu hiyohiyo, na msomaji ataziona.

Ila kurasa hizo nazo hazisemi yote. Baba aliyekuwa mwalimu Bukavu na leo anapakia maboksi ghalani, fomu inaonyesha elimu yake na kazi yake, haisemi alivyotoka darasani hadi ghalani. Pengo hilo ndilo la kueleza.

Andika kwa vipimo. "Maisha ya kambini yalikuwa magumu" haimwambii msomaji lolote. Linganisha na hii: "Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, nilisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo. Nikiwa na miaka 15 niliwekwa darasa la kumi Marekani, kwa Kiingereza. Jioni nilifanya kazi saa 20 kwa wiki dukani, na miadi yote ya mama hospitalini mkalimani nilikuwa mimi." Sasa zile alama za C za mwaka wa kwanza zina maelezo, na hukumwomba mtu huruma. Usirudie yaliyomo kwenye insha kuu ya herufi 5,300. Wengi hupoteza nafasi hapo. Na ukishatuma, insha hairekebishwi.

Msamaha wa ada wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari inayoendesha fomu hiyo, ni jambo jingine kabisa, wala hauhitaji insha. Unapunguza ada ya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo hivyo, na kufuta ada ya AMCAS kwa vyuo hadi 20, na vyuo vingi huwasamehe wenye msamaha huo ada zao za fomu ya pili, ile ya chuo chenyewe. Omba kabla ya kujiandikisha MCAT, maana haurudi nyuma: ulicholipa kimekwenda. Huwa zinatakiwa hati za mapato ya wazazi, na hapo ndipo wengi hukwama wiki kadhaa, kwa hiyo waombeni mapema, tena kwa adabu.

Mwisho, kama insha inagusa yaliyomkuta mama yako vitani, mwombe ruhusa kwanza. Akikataa, andika zile saa zako 20; hizo ni zako.

Mzee wenu