Klasta ina seva kibao, mbona kazi zote ziko kwenye moja?

Wateja wetu wengi wanatupigia simu kwamba klasta, yaani seva kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, iko slow, tukiingia kuangalia tunakuta ile mashine ya kuingilia imezidiwa kabisa, kila mtu kalogin pale na kazi yake kaiwashia palepale, huku seva zingine kwenye raki zimekaa tu hazina kitu. Kwa hali hiyo hata mkinunua seva nyingine haisaidii, nayo itakaa tu.

Nyie tuliowafungia LSF, programu ya kugawa kazi kwenye seva za klasta, dawa mnayo tayari. Programu hii ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada, ikaingia sokoni na kampuni ya Platform Computing, na tangu 2012 iko mikononi mwa IBM, na kugawana mzigo ndo kazi iliyoizaa.

Anza na amri ya lsload. Inakuletea mashine zote na hali zake: r1m ni wastani wa kazi zinazogombania prosesa kwa dakika moja iliyopita, ut ni prosesa inatumika asilimia ngapi, mem ni memori iliyobaki. Hali ikiwa ok twende, ikiwa busy tafuta kinyota, kimekaa kwenye namba iliyovuka kikomo. Ukiona kidashi mbele, yaani -ok, mashine yenyewe iko hewani ila RES, ile huduma inayopokea kazi kutoka mashine nyingine, haijibu, hapo tutafute sisi tuiwashe.

Sasa tuseme programu yako inaitwa hesabu, badala ya kuandika ./hesabu, andika lsrun -v ./hesabu. LSF inachagua yenyewe mashine isiyo na mzigo, -v inakuonyesha imechagua ipi, na majibu yanatokea kwenye skrini yako kama kawaida, hata Ctrl-C inafika kulekule. Unataka memori kubwa? lsrun -R "select[mem>8000]" ./hesabu. Kuna mashine unayoitaka kabisa? Weka -m na jina lake, ila jamani msizoee hii, maana mkianza kuchagua wenyewe kila mtu anakimbilia ileile aliyoizoea na tunarudi kulekule. Hakikisha pia folda yako inaonekana kwenye mashine zote, faili likiwa kwenye /tmp ya mashine yako kule haliko.

Ukitaka kitu kimoja kifanyike kwenye mashine kadhaa, mfano kuangalia diski imebaki kiasi gani, tumia lsgrun -p -m "node1 node2 node3" df -h /tmp. Hiyo -p watu wanaisahau sana, bila hiyo inaenda mashine moja baada ya nyingine, moja ikikwama zinazofuata zinasubiri. Na ukiwa na amri ya kufuta faili ndani ya lsgrun tafadhali isome tena kabla ya kubonyeza Enter, maana inafuta kote.

Kazi ya masaa mengi usiipeleke kwa lsrun, hiyo haipiti kwenye foleni na ukifunga terminali au intaneti ikikatika inaweza kufa nayo, tumia bsub inayoiweka kazi kwenye foleni, halafu bjobs kujua imefikia wapi. Kwa klasta zenye watumiaji wengi sisi huwa tunashauri lsrun ibaki kwa vikazi vya dakika chache tu.

Ukikwama tutumie matokeo ya lsload pamoja na amri yenyewe uliyoandika, nakili maandishi usipige picha ya skrini, tunakujibu haraka zaidi.