Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Hakimiliki, COSOTA: mtafiti naye ni mwandishi, mpeni haki ya kugawa pepa yake

Ndugu Msimamizi, salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kikuu cha umma, na kazi yangu kubwa siku hizi ni repozitori, yaani ile hazina ya mtandaoni tunakoweka tasnifu za wanafunzi na makala za walimu ili mtu yeyote azisome bure. Najua watu wakisikia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, wanawaza wanamuziki na mirabaha, redio na kumbi zinazopiga nyimbo bila leseni, na ni sawa kabisa, hiyo vita endeleeni nayo. Ila kuna waandishi wengine wanaolindwa na sheria hiyo hiyo ya hakimiliki, Na. 7 ya 1999, ambao mimi sijasikia mtu akiwasemea, nao ni wahadhiri na watafiti. Hawa kwa makala zao hawadai mrabaha hata shilingi moja. Wanataka kusomwa tu, na hicho ndo wanachozuiwa.

Ngoja nieleze inavyokwenda maana wengi walio nje ya vyuo hawajui. Mtafiti anapata hela, labda za serikali kupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), labda za mfadhili, anaingia fildi, anarudi anaandika, anatuma kwenye jarida. Jarida linawapa watafiti wenzake waikague, nao mara nyingi hawalipwi kitu. Anasahihisha, anarudisha, inakubaliwa, halafu inakuja imeili yenye fomu, saini hapa. Kwenye majarida mengi yanayoishi kwa kuuza usajili, yaani ada ya kuyasoma, ile fomu inahamisha hakimiliki yote kwenda kwa mchapishaji, au inampa kibali cha peke yake ambacho kwa mwandishi matokeo ni yale yale, na mwalimu wa watu anataka kupanda cheo, bila pepa hapandi, basi anasaini bila kusoma. Kuanzia siku hiyo mwanafunzi wake mwenyewe akiitafuta ile makala anakutana na ukurasa unaomdai dola 30 mpaka 40, kwa makala moja tu. Na kwa sheria yetu hakimiliki inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwahiyo hata wajukuu wake wanaweza wakaikuta bado imefungwa.

Kuna wanaosema si alipie iwe wazi. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 ili makala moja isomwe bure. Majarida mengine ni nafuu kuliko hapo, tena mengine yanasamehe ada kwa nchi maskini, lakini kwa mhadhiri wa huku hata dola 2,000 ni hela ya kufanyia utafiti mwingine kabisa.

Sasa yaliyotokea kwetu. Walimu walikuwa wananiletea PDF za makala zao, naweka. Ikaja barua kutoka kwa mchapishaji mmoja wa nje, lugha ya kisheria tupu, inataka makala fulani iondolewe mara moja. Uongozi ukaogopa, na siwalaumu, nani anataka kesi na kampuni ya nje. Nikaagizwa nitoe ile moja na nyingine zote ambazo hatuna uhakika nazo, nikazitoa. Na sio sisi peke yetu, mwaka 2013 Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida, walituma maelfu ya notisi za namna hii kwa Academia.edu, tovuti ambako watafiti wanagawana makala, na 2017 wao na chama cha wanakemia cha Marekani wakaipeleka ResearchGate, tovuti nyingine kama hiyo, mahakamani Munich, Ujerumani, kwa sababu hiyo hiyo ya watafiti kupandisha makala zao wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba nyingi kati ya nilizotoa zilikuwa na njia halali ya kubaki. Wachapishaji wengi wakubwa wanamruhusu mwandishi kuweka kwenye repozitori ya chuo ule muswada wake wa mwisho, ulioshapita kwa wakaguzi na kukubaliwa, kabla jarida halijaupanga na kuupiga nembo, ila baada ya kusubiri miezi kadhaa, mara nyingi 12, wengine mpaka 24. Maneno ni yale yale, takwimu zile zile. Lakini mwalimu ukimwuliza ule muswada uko wapi anakwambia ulikuwa kwenye laptop ya zamani, kilichobaki ni PDF ya jarida, na hiyo ndo hairuhusiwi. Hakuna aliyemwambia mapema. Hiki ni kitu ambacho ofisi yako ingeweza kukifanya hata mwezi ujao, mwongozo wa kurasa mbili tatu kwa Kiswahili cha kueleweka, unamwambia mtafiti tunza muswada wako uliokubaliwa, soma fomu kabla ya kusaini, na haya hapa maneno ya kuongeza kwenye mkataba ili ubaki na haki ya kuiweka kazi yako kwenye repozitori ya chuo. Mkiweka muhuri wenu hapo, uongozi wa vyuo utapata ujasiri.

Ila mwongozo peke yake hautoshi maana mkataba ukishasainiwa mwenye nguvu ni mchapishaji. Ninachoomba hasa ni mpeleke pendekezo la kurekebisha sheria, na hatuombi kitu kipya duniani. Ujerumani wanacho kifungu hiki tangu Januari 2014, makala ikitokana na utafiti ambao angalau nusu ya fedha zake ni za umma, mwandishi ana haki ya kuweka wazi muswada wake uliokubaliwa miezi 12 baada ya kuchapishwa, bila kufanya biashara, na akitaja ilikochapwa mara ya kwanza. Na cha muhimu, mkataba ukisema vinginevyo haufanyi kazi. Uholanzi wakafuata 2015, Ufaransa 2016 wakaweka miezi 6 kwa sayansi na 12 kwa sayansi za jamii na fasihi, Ubelgiji 2018. Hizi ni nchi zenye wachapishaji wakubwa, Elsevier wenyewe makao yao Amsterdam, na bado zimemlinda mwandishi.

Mtu atauliza majarida yetu ya ndani yatakufa? Wanafizikia wanaweka makala zao arXiv, hazina ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, tangu 1991, na majarida ya fizikia bado yapo mpaka leo. Na ya kwetu kadhaa yako wazi tayari, Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mfano, kwahiyo hii sheria haiwagusi sana, inawagusa wale wa nje wanaotuuzia tulichowapa bure.

Fikiria ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa hapa, kituo cha Amani kule Tanga, mwaka 1936, na mpaka leo watafiti wetu wanaendelea kuufanyia kazi kwenye mashamba ya wakulima wetu. Afisa ugani wa Mkuranga akitaka kusoma matokeo mapya halafu akakuta anadaiwa dola, hakimiliki hapo inamlinda nani? Mwandishi hapati kitu, mkulima hapati kitu, na hela ya utafiti inawezekana ilitoka kwenye kodi zao wote wawili.

Serikali imeanza kuwapa tuzo watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, jambo zuri sana, naomba mkae na Wizara ya Elimu muweke sharti moja tu hapo, kwamba anayepokea tuzo awe ameweka muswada uliokubaliwa kwenye repozitori ya taasisi yake. Halafu siku mtakapoita wadau kuijadili hii sheria, pamoja na wanasheria na wachapishaji waiteni na wakutubi, sisi tunazo orodha za makala zilizotolewa na tutakuja nazo.

Wako katika kazi,
Mkutubi, chuo kikuu cha umma