Barua kwa wanandoa vijana wa Mbeya mnaosubiri viza

Wanangu wa Uyole, Mwanjelwa, Iyunga hadi Mbalizi,

Salaam nyingi. Naandika kwenu mnaojiandaa kwenda ng'ambo mke na mume. Wengine mmoja kaitwa na chuo na mwenzake anafuatana naye, wengine mmealikwa na ndugu aliyehamia huko. Mnapita kwangu kuomba ushauri, na wapo wanaopita kuomba mkopo. Mkopo sina. Ushauri ninao, nao ni mmoja tu: nyumba isisimame kwa sababu ya safari.

Nasema hivyo kwa sababu naingia kwenu na macho ninayo. Sanduku jipya limekaa juu ya meza ya chakula tangu Pasaka, watoto wanakulia mkekani. Kioo cha dirisha kimepasuka, kimezibwa kwa boksi, na baridi yenyewe ndiyo hii ya Uyole ya mwezi wa sita. Nikiuliza naambiwa, "Bibi, tutatengeneza tukirudi." Mlango wa choo, tukirudi. Deni la dukani, tukirudi. Na viza bado hata haijaombwa!

Kubwa zaidi ni shamba. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza mwezi wa kumi na moja na kuishia wa nne au wa tano. Ukikosa kupanda mahindi kwa wakati, umekosa mpaka mwakani. Nina majirani, watu na heshima zao, waliosema hawalimi kwa kuwa Krismasi itawakuta Ulaya. Jibu la ubalozi likachelewa, na lilipokuja likawa la kukataliwa. Mwezi wa pili wenzao wanakula mahindi mabichi, wao wananunua unga dukani kilo mbili mbili, na magugu yamefika kiunoni nyuma ya nyumba yao. Kukataliwa viza ni jambo la kawaida, hakuna aibu. Kilichoniuma ni lile shamba.

Kwa hiyo limeni. Pandeni mahindi, pandeni na viazi kama kawaida yenu. Viza ikitoka, yuko mdogo wenu, yuko jirani, mtapatana naye apalilie na kuvuna mgawane. Isipotoka, chakula mnacho.

Kalenda ya viza mnaweza kuipanga isigombane na jembe. Kwa viza ya kutembea ya nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kama Ujerumani na Ufaransa, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Anayetaka kusafiri mwezi wa sita baada ya kuvuna, karatasi azitafute mwezi wa kumi mvua hazijaanza, akishapalilia apeleke maombi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kufikia yuro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 zaidi ya siku mtakayotoka huko. Viza ya kutembea inawapa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Msiende na mawazo mengine kichwani.

Tiketi ya kulipia kabisa isinunuliwe kabla ya jibu. Na yule kijana anayewaambia ana mtu wake ubalozini, mpeni chai aondoke.

Sasa majina. Hapa ndipo Wanyakyusa wenzangu tunapoumbuka. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tupoki, kitambulisho cha NIDA kinasema Tupokigwe, cheti cha kidato cha nne kimepunguza herufi kwenye ukoo. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Afisa wa mezani hajui, na si kazi yake kujua. Ketini jioni moja, televisheni imezimwa, mtandaze vyeti vyote kitandani, vya mume na vya mke, msome herufi kwa herufi. Penye tofauti, anzeni marekebisho au hati ya kiapo mapema, kabla hamjatoa shilingi 150,000 ya pasipoti kwa kila mmoja.

Cheti cha ndoa nacho. Wengi wenu mmetoa mahari, wazee wamekula na kunywa, mna watoto watatu, karatasi hamna. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila na inataka isajiliwe. Mkiombea viza kama mke na mume, huko ubalozini hawatauliza ng'ombe walikuwa wangapi, watauliza cheti. Nendeni ofisi ya wilaya mkaulize utaratibu. Hata safari ikifa, cheti kitamfaa mwanamke siku ya mirathi, na hilo kwangu ni kubwa kuliko Ulaya yote.

Kuhusu pesa nitasema kidogo kwa sababu mnanielewa. Msiazime milioni kadhaa mkazitia benki wiki moja kabla ya kuchukua taarifa ya akaunti. Pesa iliyoingia kwa mkupuo juzi inaonekana ni ya juzi. Na wewe mume uliyekuwa unataka kuuza kiwanja kimyakimya upate nauli: mkeo anajua, dalali kamwambia. Kaeni mzungumze.

Safari ya kwenda kutoa alama za vidole ihesabiwe kwenye bajeti. Mnakwenda wote wawili Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800, na hakuna wa kumwakilisha mwenzake. Basi linapita mlima wa Kitonga na mtafika mmechoka, basi fikeni siku moja kabla. Ndege ipo, uwanja wa Songwe, kwa mwenye nafasi. Treni ya TAZARA naipenda mimi, ila kwa mtu mwenye miadi ya saa tatu asubuhi siithubutu.

Mizigo isiwaumize kichwa. Makoti mazito yamejaa kwenye mitumba ya Mwanjelwa, bei ya maelewano. Shangazi zenu watawaletea maparachichi ya Rungwe ya kumpelekea mwenyeji. Pokeeni, shukuruni, kisha yaleni nyumbani. Ulaya parachichi haliingii kwenye begi la msafiri bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi ndiyo hawazidai cheti hicho, mambo yao wenyewe hayo. Nyama na maziwa hawaruhusu kabisa, hata nyama iliyokaushwa vizuri kiasi gani. Bebeni majani ya chai ya Rungwe, yaliyofungwa kiwandani.

Habari za safari zisiwafikie wazazi kupitia kwa jirani. Nendeni wenyewe, wote wawili, mkawaambie wazazi wa pande zote. Mtani asiposikia mapema atawasamehe. Mama mkwe je?

Mwisho, watoto. Mkiwaacha kwa bibi yao, mwachieni kadi za kliniki, kadi ya bima kama ipo, na namba ya mwalimu wa darasa. Andikeni kwenye karatasi yupi hali mayai na yupi bado anakojoa kitandani, maana mtoto mwenyewe hatasema. Na hela ya matumizi mwachieni mkononi kabla hamjapanda basi. Ile ya "tutakutumia tukifika" bibi zenu tumeshaisikia.

Wenu,
Bibi wa Uyole