Milioni 17 za Kaprizov ni ndogo kuliko milioni 9.5 za Ovechkin

Bwana Mhariri,

Pokea salamu kutoka Kamalondo. Katika mji ambao kila mtu ni wa Mazembe au wa Lupopo, klabu zetu za soka, hoki ya barafu haipati nafasi kirahisi, kwa hiyo tunaofuatilia NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, tunawashukuru kwa kuiandika. Lakini orodha yenu ya mikataba minono ya ligi hiyo imepanga wachezaji kwa dola tupu, tangu zamani hadi leo, kana kwamba dola ya 2008 na ya 2026 ni ndugu pacha. Orodha ya namna hiyo inampotosha msomaji, naye akishapotoka hapo, kila habari ya mkataba mpya ataisoma vibaya.

Hapa Lubumbashi hakuna anayefanya kosa hilo kwenye franka. Mtu akikuambia mshahara wake wa miaka kumi iliyopita, swali la kwanza ni moja: ulinunua mifuko mingapi ya unga? Kwenye hoki swali ni hilohilo, na jibu lake ni rahisi zaidi, kwa sababu bei ya mfuko hutangazwa rasmi kila msimu.

Bei hiyo ni kikomo cha mishahara. Msimu mzima wa 2004-05 haukuchezwa kwa sababu ya mgogoro wa wenye timu na wachezaji. Waliporudi 2005-06, walikubaliana kwamba mishahara ya timu moja isivuke kiasi fulani, na kiasi hicho kifuate mapato ya ligi, ambayo sasa pande mbili hugawana nusu kwa nusu. Kikomo kilianza na dola milioni 39. Msimu huu wa 2025-26 ni milioni 95.5. Ujao, 2026-27, kitakuwa milioni 104, na 2027-28 kitafika milioni 113.5. Wapenzi wa soka wanasahau jambo hili kwa sababu soka letu halina kikomo cha namna hiyo: tajiri akipenda, analipa. Katika NHL, kwa kawaida, hata tajiri mkubwa kuliko wote hawezi kuvuka kikomo apendavyo. Bukari, yaani ugali, iliyo mezani ni hiyohiyo, na tonge kubwa la mmoja linapunguza la mwenzake. Kwa hiyo kinachopimwa ni fungu, yaani sehemu gani ya sahani nzima mchezaji amechukua.

Hesabu yenyewe haitaki fundi. Chukua jumla ya mkataba, gawanya kwa idadi ya miaka, upate wastani wa mwaka. Huo ndio ligi inauhesabu dhidi ya kikomo, hata kama fedha zinalipwa nyingi mwanzoni na chache mwishoni. Kisha gawanya wastani huo kwa kikomo cha msimu ambao mkataba unaanza kazi. Ukitaka kuulinganisha na mkataba wa siku nyingine, zidisha fungu hilo kwa kikomo cha siku hiyo nyingine.

Sasa tuwachukue wawili wa kichwa cha barua hii. Kirill Kaprizov wa Minnesota alisaini mwisho wa Septemba 2025 kwa miaka 8 na dola milioni 136, yaani 17 kwa mwaka, kuanzia 2026-27. Kwa dola hakuna aliyewahi kufika hapo. Alexander Ovechkin wa Washington alisaini Januari 2008 kwa miaka 13 na milioni 124, yaani kama 9.54 kwa mwaka, kuanzia 2008-09, kikomo kikiwa milioni 56.7. Fungu la Kaprizov ni asilimia 16.3. La Ovechkin lilikuwa asilimia 16.8. Ukilipeleka fungu la Ovechkin kwenye kikomo cha 104, unapata karibu milioni 17.5. Aliyeweka rekodi ya kweli kati ya hao wawili ni yule ambaye orodha yenu imemweka chini kabisa.

Kwa makipa ni vilevile. Igor Shesterkin wa New York Rangers ana wastani wa milioni 11.5 kwa mwaka kuanzia 2025-26, na hakuna kipa aliyewahi kuwa na wastani mkubwa hivyo. Fungu lake ni asilimia 12. Carey Price wa Montreal alipoanza mkataba wake wa 10.5 msimu wa 2018-19, kikomo kilikuwa 79.5, na fungu lake lilikuwa asilimia 13.2. Connor McDavid, mshambuliaji wa Edmonton, alianza mwaka huohuo na 12.5, asilimia 15.7, ambazo kwenye kikomo cha 104 ni milioni 16.35.

Hapa pana mtego unaowanasa hata waandishi wazoefu: tunatumia kikomo cha siku ya kusaini au cha siku ya kuanza? McDavid alisaini Julai 2017, kikomo cha msimu uliokuwa unakuja kikiwa 75. Ukitumia hicho fungu lake linapanda hadi asilimia 16.7. Kaprizov kwa 95.5 anafika 17.8. Ovechkin kwa 50.3 ya 2007-08 anakaribia 19. Kila mara linganisha kuanza na kuanza, au kusaini na kusaini. Ukichanganya, unaweza kuthibitisha lolote unalotaka. Kwangu msimu wa kuanza ndio kipimo bora kwa mikataba ya sasa, na sababu ni hii: Januari 2025 ligi na chama cha wachezaji walitangaza vikomo vya misimu 3 kwa mpigo. Tangu hapo mchezaji anayesaini leo anajua sahani ya kesho ina ukubwa gani, na wakala wake anaidai bei ya kesho. Zamani kila upande ulikuwa unabahatisha.

Fungu halibaki mahali pamoja. Dola za mkataba hazibadiliki, lakini kikomo kinapanda, kwa hiyo fungu linayeyuka kila msimu. Nathan MacKinnon wa Colorado ndiye mfano ninaoupenda. Mwaka 2016 alisaini miaka 7 kwa 6.3 kila mwaka, kikomo kikiwa 73: asilimia 8.6. Colorado walipochukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2022, fungu lake lilikuwa limeshuka hadi 7.7, naye tayari alikuwa miongoni mwa washambuliaji bora duniani. Nafasi iliyobaki ililipa wenzake. Mkataba wake uliofuata ulianza 2023-24 kwa 12.6, asilimia 15.1, msimu huu ni 13.2, ujao utakuwa 12.1, na 2027-28 utakuwa 11.1 bila yeye kupunguziwa hata senti.

Kwa hiyo mkataba mrefu upimwe kwa wastani wa mafungu ya miaka yake yote, na hapo ni lazima mtu aseme wazi anakisia nini. Kwa Kaprizov misimu miwili ya kwanza inajulikana: 16.3, kisha 15.0. Nikikadiria kwamba baada ya 113.5 kikomo kitapanda asilimia 4 kila mwaka, fungu lake la mwaka wa nane ni 11.8 na wastani wa miaka yote ni 13.7. Nikikadiria kwamba kitaganda pale 113.5, wastani ni 15.1. Tofauti ya makadirio hayo mawili ndiyo tofauti ya mkataba mzuri na mkataba mzito. Mwandishi anayeandika kwamba mkataba fulani "utakuwa rahisi baadaye" bila kutaja kadirio lake hajamwambia msomaji kitu.

Na kuganda kunatokea. Mwulizeni mpenzi yeyote wa Toronto. Walimsajili John Tavares kwa milioni 11 kuanzia 2018-19, wakaongeza Auston Matthews kwa kama 11.6, Mitch Marner kwa kama 10.9 na William Nylander kwa kama 7. Wanne hao walichukua kama milioni 40.5. Kwa mtu aliyetegemea kikomo kiendelee kupanda, hesabu ilikubalika. Janga la korona likaja, mapato yakaanguka, na kikomo kikabaki 81.5 kwa misimu 3, kuanzia 2019-20 hadi 2021-22, kisha kikasogea hadi 82.5 na 83.5 tu. Karibu nusu ya sahani ikakaa mikononi mwa wachezaji wanne, na wengine wote wakagawana nusu iliyobaki. Kwa hiyo mkataba wowote ulioanza kati ya 2019 na 2023 usilinganishwe na wa leo bila kukumbuka kwamba ulikaa kwenye kikomo kilichosimama.

Kosa lingine limeenea sana siku hizi: kwa kuwa kikomo kinapanda, eti hakuna tena mkataba mbaya. Si kweli. Kikomo kinapanda kwa timu zote 32, na bei ya kila mchezaji inapanda nacho. Tazama Edmonton. Mwaka 2018-19 McDavid na Leon Draisaitl walichukua 12.5 na 8.5, jumla 21, asilimia 26.4, wakabakiza 58.5 kwa wengine. Msimu huu McDavid ni 12.5 na Draisaitl 14, jumla 26.5, asilimia 27.7, na zinabaki 69. Dola zilizobaki zimeongezeka kwa milioni 10.5, lakini beki wa kawaida naye hauzwi tena kwa bei ya 2018. Hata kima cha chini cha mshahara kinafuata: dola 775,000 msimu huu na 850,000 ujao, kama asilimia 0.8 ya kikomo katika misimu yote miwili. Sakafu nayo inapanda, yaani kiasi ambacho timu haitakiwi kushuka chini yake: 70.6 msimu huu, 76.9 ujao, 83.9 baada yake. Timu isiyo na nyota inalazimika kutumia fedha hizo kwa mtu, na ndiyo sababu mchezaji wa mstari wa tatu anaweza kusaini kwa milioni 5 mkashangaa. Msishangae kabla ya kuhesabu: milioni 5 za 2025-26 ni sawa na 3.8 za 2016-17.

Fungu peke yake halitoshi, na hapa ndipo jicho la mtu anayeujua mchezo linahitajika. Kwanza, lilinunua miaka ipi? Mchezaji hawi huru kabisa mpaka afikishe miaka 27 au amalize misimu 7. Kabla ya hapo timu yake ina kauli kubwa juu yake. Asilimia 8.6 za MacKinnon zilimlipa kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado chini ya kauli hiyo. Kumlinganisha na mtu wa miaka 29 anayeuzwa soko huria ni kulinganisha nyumba ya kupanga na ya kununua. Pili, mkataba ni wa zamani kiasi gani? Kabla ya sheria za 2013, timu ziliongeza miaka ya mwisho yenye mshahara mdogo ili kushusha wastani. Sidney Crosby wa Pittsburgh alikuwa na 8.7 kwa miaka 12, lakini miaka mitatu ya kwanza alilipwa milioni 12 kila mwaka na mitatu ya mwisho 3 tu. Asilimia zake 13.5 za 2013-14 zinaonyesha bei ndogo kuliko ile aliyolipwa kweli katika miaka yake ya nguvu. Tatu, mwili. Mkataba wa Price ulianza akiwa na miaka 31, goti likamtoa mchezoni mwaka 2022, na miaka minne ilikuwa bado imebaki.

Ombi langu kwa ukurasa wenu ni safu tatu tu kando ya kila mkataba mtakaochapa: kikomo cha msimu unapoanza, fungu kwa asilimia, na umri wa mchezaji siku hiyo. Mkiwa na nafasi ya safu ya nne, wekeni fungu la msimu wa 2027-28, kwa sababu milioni 113.5 zimeshatangazwa na hakuna wa kubahatisha. Mkianza na Kaprizov, andikeni: 104, 16.3, miaka 29, 15.0.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi