Hoja zetu zichapishwe, anwani zetu zibaki ofisini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo wengi hulikumbuka maji yakishamwagika: usiri wa maoni tunayopeleka kwa mamlaka za udhibiti zinapoualika umma kuchangia kanuni mpya.

Niliwahi kupeleka maoni ya namna hiyo, kurasa mbili, nikaweka sahihi, namba ya simu na anwani ya nyumbani, kwa kuwa nilidhani msomaji ni ofisa mmoja mezani kwake. Miezi michache baadaye nikaukuta waraka wangu mzima kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Namba ya simu ilikuwa imefunikwa kwa mstari mweusi, lakini nilipoyanakili maandishi ya ukurasa ule na kuyabandika kwenye ukurasa mtupu, namba ikajitokeza yote. Aliyeificha alikuwa amepaka weusi juu ya tarakimu badala ya kuzifuta.

Sisemi maoni yafichwe. Kanuni hutungwa kwa niaba ya umma, na umma una haki ya kujua ni hoja zipi zilizomshawishi mdhibiti. Kampuni inayopinga kanuni na ipinge hadharani kwa jina lake, siri za biashara zikiachwa kando. Lakini hoja ni kitu kimoja na makazi ya mtoa hoja ni kingine. Mfanyakazi anayeeleza jinsi mwajiri wake anavyokwepa kanuni, au mgonjwa anayelazimika kutaja maradhi yake ili kasoro ya huduma ieleweke, hawezi kuwekwa kapu moja na chama cha wafanyabiashara chenye mawakili wake.

Nasi watoa maoni tuna uzembe wetu. Yale maneno ya "ujumbe huu ni wa siri", ambayo kompyuta za ofisi huyabandika zenyewe chini ya kila barua pepe, hayatukingi. Nchini Uingereza, nyaraka nyingi za idara za serikali za kukusanya maoni hutamka wazi kuwa tangazo hilo peke yake haliifungi idara. Anayetaka usiri aombe mwenyewe na aeleze sababu, akijua kwamba Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000 bado inaweza kulazimisha maoni yake yatolewe. Ndiyo maana ni afadhali kuitaja aya usiyotaka ichapishwe na kuitenga kwenye kiambatisho, kuliko kuugonga waraka mzima muhuri wa SIRI.

Kupokea maoni bila kumjua mwenyewe nako kuna hatari zake. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipokea maoni zaidi ya milioni 22 kuhusu kanuni za intaneti, na uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa mwaka 2021, ukabaini kuwa karibu milioni 18 yalikuwa ya kughushi, mamilioni kati yake yakibeba majina ya watu halisi wasio na habari.

Kwa hiyo mdhibiti anijue, ila si lazima kila mpita njia anijue. Fomu iniulize kabla sijatuma: jina lichapishwe au la, sehemu ipi ibaki ofisini, na taarifa zangu zitatunzwa kwa muda gani. Na anayeandaa nyaraka za kuchapishwa afundishwe kufuta.

Msomaji wako,
(Jina na anwani anavyo mhariri.)