Siku tatu bila kufungua kopo la rangi

Mwezi uliopita mama mmoja wa Tabata alikuja karakana kwetu akiwa amekasirika kweli. Tulichukua milango yake 14 ya makabati ya jikoni Jumatatu tuipake rangi upya, na Jumatano jioni akaikuta imelazwa mezani, mikavu, ina ukungu wa kijivu tu. "Nimeshatoa nusu ya hela, kumbe mnasugua tu?" Aliona ametapeliwa. Si wa kwanza kutuambia hivyo, na wengine nadhani hunyamaza wakaondoka na dukuduku lao. Basi naomba nieleze siku hizo tatu zinakwenda wapi.

Adui wa rangi jikoni ni mafuta. Mlango uliokaa miaka minane karibu na jiko la kukaangia samaki na maandazi, kwa macho unaweza kuuona msafi. Loweka kitambaa cheupe kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, ufute. Kinatoka njano kama kimechovywa kwenye binzari. Mlango wa huyu mama uliokuwa jirani na jiko ulimaliza vitambaa vitatu, cha nne ndipo kikatoka cheupe. Ukipaka juu ya hapo, rangi inashika mafuta, mbao haiioni kabisa. Itang'aa mwanzoni, halafu itaanza kubanduka pale penye kishikizo, vidole vinapopita kila siku.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni kufungua na kuosha. Kila mlango tunaupa namba, na namba tunaiandika ndani ya lile tundu la bawaba kisha tunaliziba kwa utepe wa karatasi, maana ukiandika kwingine msasa na rangi vitaifuta. Milango ya makabati inafanana kwa sura tu. Ukiupeleka wa kushoto kulia, matundu yanapishana kidogo na mlango haukai. Siku ya pili ni msasa: namba 120, ulio mkali, palipochunika, 180, kisha 240 ulio laini, na filla ya kuziba mikwaruzo. Siku ya tatu ni praima, ile ya chini inayoshikisha rangi, na kungoja. Baada ya saa chache ukiigusa utasema imekauka, lakini ukiipiga msasa mapema inavingirika vidonge vidonge na kazi inaanza upya. Masika unyevu wa Dar unatuongezea siku nzima, na hilo tunamwambia mteja mapema.

Wengine wanataka tupake rangi nyumbani kwao ili waone. Hapana. Mvuke wa tina na jiko la gesi havikai chumba kimoja, na vumbi la msasa litaingia mpaka kwenye sukari.

Sasa bei. Tunatoza shilingi 35,000 kwa mlango, pande zote mbili, na tunajua wapo wanaofanya kwa chini ya nusu ya hapo. Kaka mmoja wa Kimara aliona ni nyingi, akanunua rangi ya mafuta akapaka mwenyewe juu ya vanishi, bila msasa. Miezi sita baadaye alituletea milango rangi imebanduka kama maganda ya kitunguu. Kukwangua kulituchukua siku mbili zaidi, akalipa 50,000 kwa kila mlango, mbali na makopo aliyokwisha kununua.

Stika ndizo zinazoniumiza zaidi. Dada mmoja wa Sinza alibandika za mfano wa marumaru juu ya milango ya MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi. Mvuke wa sufuria ukalegeza gundi, akazivuta, na ngozi ya mlango ikatoka nazo vipande vipande. Chini ya sinki maji yalishaingia na kingo zimevimba. MDF ikivimba hairudi, hakuna filla wala rangi itakayoiponya. Tulimwambia wazi kwamba milango miwili ni ya kutengeneza mipya, na hiyo miwili hatukumtoza hata senti ya kuisafisha.

Mzee mmoja wa Upanga naye alitaka nyeupe tupu. Tulipokwangua pembe moja kujaribu, chini ya rangi ya zamani ukatokea mninga, nyuzi zake zimelala vizuri ajabu. Mninga una utomvu mwekundu, na nyeupe ikipakwa bila sila nzuri, ile ya kuziba mbao, madoa hupenya. Tulimsihi aache. Tukapiga sila, msasa 320, na vanishi mikono mitatu. Nikipita kwake hadi leo huniita jikoni nikaione.

Milango ya mama wa Tabata tuliirudisha Jumatatu iliyofuata. Tulimwomba mwezi mmoja asiisugue kwa stilwaya, afute tu kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, kwa sababu rangi ya mafuta hukauka juu kabla haijakomaa ndani. Alifungua na kufunga mlango mmoja mmoja, wote 14, ndipo tukapokea nusu iliyobaki.