Taarifa ya Mwenyekiti ya mwaka 2025 kwa wasaidizi wa tiba ya meno, Dodoma na Singida

Ndugu wanachama wenzangu, mbukwenyi. Nawashukuru hasa mliotoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni gizani ili muwahi kikao hiki.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mihtasari ya vikao katibu amekwisha kuigawa. Mimi nitaanza na sindano, maana ndiyo iliyotunyima usingizi mwaka huu.

Mwezi Mei mwenzetu alinipigia simu saa mbili usiku, analia. Asubuhi alijichoma akirudishia kifuniko kwenye sindano ya ganzi, na siku nzima hakumwambia mtu kwa aibu. Nilimwambia aende hospitali usiku uleule, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Alikwenda, akazimeza siku zote 28. Nilimwelewa sana. Katika miaka yangu ya kwanza nilichomwa vilevile, na kliniki niliyokuwa nikifanya kazi iliniambia ninawe kwa sabuni nirudi kwenye kiti, mgonjwa anasubiri. Niliishi na hofu ile miezi mingi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechanjwa.

Kwa hiyo kamati imeamua kila mwanachama awe na chanjo ya homa ya ini B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Dozi moja haitoshi, na wengi wetu tuliishia hapo. Sindano asiifunike mtu kwa mikono miwili. Ikilazimu, kifuniko kilazwe kwenye trei na sindano ikifuate kwa mkono mmoja. Sanduku la ncha kali likifika robo tatu lifungwe. Daktari akiwa na haraka, mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu bado wapo wanaotuita washika taa. Taa tunashika, ndiyo. Lakini daktari anapotamka "moja sita", yaani namba ya gego la juu kulia, anayeandika ni sisi, na tukisikia "mbili sita" gego la kushoto linaweza kung'olewa badala ya la kulia. Anayemuuliza mama habari za presha, kisukari na ujauzito kabla ya ganzi ni sisi. Mrija wa kufyonza mate ukichelewa, mgonjwa anapaliwa. Saruji ya kuzibia ikikorogwa ikapoteza mng'ao kabla ya kufika kwenye tundu, haishiki tena, na mtu atarudi na jino lilelile. Wanaofanya kazi vijijini wanajua zaidi thamani ya mkorogo huo, kwani njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kisha kuna vifaa: kusugua, kusuuza, kukausha, kufunga, na kuvitakasa kwa mvuke nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Mgonjwa haoni lolote kati ya hayo. Anaona koleo safi tu.

Jambo la eksirei nitalisema kwa ufupi. Daktari C. Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, anatajwa kuwa wa kwanza kuajiri msaidizi wa meno, mwaka 1885. Ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kupiga picha za meno kwa eksirei, na mionzi ilimla vidole, kisha mkono, hadi mwisho wake mwaka 1928. Usishike filamu mdomoni mwa mtoto wakati wa kupiga. Ashike mzazi, avae aproni ya risasi.

Vijana wengi wameuliza jinsi ya kuingia kwenye kazi hii. Tuwaambie ukweli. Wengi wetu tuliingia kama wahudumu wa afya tukafundishwa pembeni ya kiti, mshahara ni mdogo, mgongo unauma, na wapo wenzetu ambao hadi leo hawana mkataba wa maandishi. Lakini njia ya kupanda ipo. Mwenye ufaulu wa kidato cha nne wenye Kemia, Baiolojia na Fizikia anaweza kusomea stashahada ya tabibu wa meno kwa miaka 3. Aliyekwisha kushika trei anaingia darasani akijua kazi. Nimeona wawili wetu wakianza mwaka huu na nimefurahi kama wanangu.

Tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tulikwenda shule moja ya msingi upande wa Singida. Watoto walikuwa wakicheka huku wamefunika midomo. Meno yao ni ya kahawia, na wameambiwa ni wachafu. Binti mmoja alikuwa akiyasugua kwa mchanga. Tulimweleza kwamba ni floridi nyingi ya maji ya kisima, aliyoyanywa jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya. Mswaki hauitoi, na kuchemsha maji hakuipunguzi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tumemwomba mwalimu mkuu afuatilie vipimo vya kisima kile, na mwakani tutarudi. Aliyefanya mtoto yule aondoe mkono mdomoni ni msaidizi mwenzetu, si daktari tuliyefuatana naye.

Ombi langu la mwisho: kadi za chanjo zimfikie katibu kabla ya kikao cha Januari. Asiye na kadi aje hivyohivyo, tutapanga siku ya kwenda pamoja.